Mstari wa Wino Kwenye Chupa

2 Juni

Kwako Wifi,

Hapa hatujambo, isipokuwa mimi. Usishangae kupata barua wakati simu ninayo. Ndugu yako Fundi ana saa arobaini ukutani pale karakana, zote za wateja, na hakuna hata moja anayoiamini. Akitaka kujua saa ngapi anachukua simu yangu. Ninayokuandikia hapa sitaki ayasome.

Tarehe ishirini na mbili natimiza miaka arobaini, na ninataka glasi moja. Moja tu. Ile uliyonitengenezea nilipokutembelea kazini kwako, chungu mwanzoni, tamu mwishoni, na povu jeupe juu. Nililamba povu mdomoni mbele ya watu wazima wenye tai, wala sikuona haya.

Wifi, nimechoka. Ndugu yako ameacha pombe, nashukuru, lakini na mimi nimeacha, wakati sikuwa mlevi. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Siki naificha. Dawa ya kikohozi naisoma karatasi yake yote kabla sijailipia. Akichelewa dakika kumi nasimama mlangoni najifanya nafagia. Watu wanamshika mkono, wanamwambia mzee umejitahidi, na mimi nimesimama pembeni na pochi yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nakunywa nini siku hizi. Nakunywa chai.

Jumamosi hiyo Fundi anakwenda kutengeneza saa ya mnara wa stesheni na atalala huko huko. Wenzangu wawili wa cherehani watakuja. Niandikie namna ya kuitengeneza hapa nyumbani, na usimwambie.

Wifi yako,
Sindano


8 Juni

Kwako Sindano,

Nilitaka kukukatalia. “Hapana” niliiandika kwenye karatasi ya kwanza, nikaichana. Mdogo wangu ni mdogo wangu, lakini nimesimama nyuma ya kaunta ya hoteli hii miaka kumi na tisa, na mtu anayestahili glasi yake namjua kwa kumtazama mabega.

Sasa fuata ninavyosema na usinifanyie ubunifu. Nyie watu wa majumbani mkiambiwa iliki mnatia karafuu, halafu mnalalamika.

Kwenye kifurushi kuna mizizi michungu, majani ya pakanga yaliyokaushwa na iliki. Maganda ya chungwa utakausha mwenyewe. Menya machungwa manane, ondoa ile nyama nyeupe, anika mpaka ganda livunjike mkononi. Tia vyote kwenye chupa ya mdomo mpana, mimina pombe ya jini chupa nzima, funika. Iache gizani siku tisa na kila asubuhi uitikise. Siku ya tisa chuja kwa kitambaa, unguza sukari mpaka iwe rangi ya kiatu cha kahawia, izimue kwa maji, changanya. Hiyo ndiyo dawa yetu chungu. Si ya kunywa peke yake.

Glasi yenyewe ni hivi. Jini vipimo viwili, kwa hiyo nunua chupa ndogo ya pili uifiche penye vitambaa vyako. Dawa chungu kipimo kimoja, maji ya ndimu kipimo kimoja, shira nusu kipimo, ute wa yai moja. Tikisa kwanza bila barafu mpaka mkono uchoke. Halafu tia barafu utikise tena mpaka vidole vishindwe kushika kwa baridi. Chuja, unywe ukiwa umekaa. Ukitikisa kivivu utapata yai bichi kwenye ndimu, na hapo usinitaje.

Mambo mawili ya usalama. Chupa iweke kabati la dawa na uibandike karatasi: DAWA YA TUMBO. Fundi tumbo lake ni la chuma, hataigusa. La pili, siku ile ile ya kwanza piga mstari wa wino nje ya chupa, usawa wa kinywaji kilipofika. Sisi hapa kila tukifunga tunapiga mstari kwenye kila chupa, asubuhi tunaangalia. Watu watatu wamefukuzwa kazi kwa ajili ya mstari huo. Mstari haubishani na mtu.

Heri ya miaka arobaini. Usinywe zaidi ya mbili.

Wifi yako wa kaunta


18 Juni

Kwako Wifi,

Leo salamu sina.

Nilifanya kila kitu kama ulivyoandika. Tarehe kumi na moja asubuhi nilimimina, nikabandika karatasi, nikapiga mstari kwa kalamu ile ninayochorea vitambaa, haifutiki hata kwa sabuni. Siku mbili za mwanzo mambo sawa. Siku ya tatu kinywaji kilikuwa chini ya mstari kwa upana wa ukucha. Nikasema macho yangu, nimeshona sana wiki hii. Leo siku ya saba ni vidole viwili. Nimevipima mara nne.

Humu ndani tuko wawili. Mimi sijaonja hata tone.

Sijamwambia kitu. Alipojilaza baada ya chakula cha mchana nilimwinamia nikamnusa kama mbwa wa polisi, wifi, mimi mtu mzima. Ananuka mafuta ya saa na mnanaa. Mnanaa ameanza lini? Halafu anaimba bafuni. Mara ya mwisho kumsikia akiimba bafuni ilikuwa mwaka juzi, na unajua mwaka juzi ulikuwaje. Nikimtazama ananitolea tabasamu, anajitia hamnazo, anauliza kuna kitambaa kimekosewa?

Miezi kumi na minne nimekunywa chai. Nimekaa na chai yangu kwenye harusi mbili na msiba mmoja. Na yeye ananichezea ndani ya kabati langu la dawa, kidole kwa kidole, akidhani mimi kipofu. Leo nimejichoma sindano mara tatu.

Niambie wewe unayewajua. Nimkamate vipi?

Sindano


21 Juni

Kwako Sindano,

Barua yako nimeisomea stoo nimekalia kreti, na nilipotoka mteja wa kwanza kuniambia habari za leo nilimtukana.

Unaniuliza nini? Vidole viwili ni vidole viwili. Miaka kumi na tisa sijaona mstari ukidanganya, nimeona wanaume wakilia wakiapa kwa mama zao na mstari uko pale pale. Mwulize usoni, usizungukezunguke. Akikataa, mwonyeshe chupa.

Nimemwandikia na yeye, karakana kwake. Najua uliniambia nisimwambie. Hilo lilikuwa kabla.

Wifi yako wa kaunta


21 Juni

Kwako mdogo wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, iko chini ya mstari kwa vidole viwili.

Ile chupa ya dawa ya tumbo ni ya mkeo. Nilimwelekeza mimi. Aliitaka glasi moja baada ya kukulinda wewe mwaka mzima na zaidi, na wewe umeshindwa kumwachia hata hiyo. Una macho makavu. Umesahau yule babu aliyekuletea saa ya marehemu mkewe, ukamrudishia vipande kwenye bahasha? Nani alikwenda kupiga magoti sebuleni kwa yule babu? Si wewe. Ni mimi na huyo huyo mkeo.

Uliniapia mbele yangu tarehe kumi Aprili mwaka jana. Nilikuamini, nikawatangazia watu, nikatembea kifua mbele. Sasa nimebaki mjinga wa watu wote.

Usinijibu kama huna la kweli.

Dada yako


25 Juni

Kwako Wifi,

Ameondoka.

Barua yako niliipata Jumamosi asubuhi, na mchana nikatoka kwenda kununua mayai na ndimu, kuchuja nimekuacha mpaka jioni hiyo. Nilijua Fundi yuko mnarani kwake. Narudi, mlango uko wazi, na ndugu yako amesimama mbele ya kabati la dawa, chupa iko mkononi, ameikumbatia kabisa. Siku yangu ya kuzaliwa, wifi. Hakujificha hata kidogo, aligeuka akacheka.

Nilisema yote. Sikupunguza. Vidole viwili, mnanaa, kuimba, yule babu wa saa, chai yangu, harusi mbili na msiba. Nilimwambia hata shavu lake nalinusa akiwa amelala. Akaweka chupa mezani, akaniuliza, “Umepiga mstari?” Nikamwambia ndiyo, nimepiga, unasemaje? Akasema, “Sijanywa.” Neno moja hilo. Nikamwambia watu wote husema hivyo.

Akachukua bisibisi zake, kibano, kile kioo cha kuweka jichoni na blanketi moja. Kulikuwa na kitu kimefungwa gazeti juu ya kiti, akakichukua pia. Sasa analala karakana. Wenzangu walipokuja niliwaambia naumwa. Mayai bado yako kwenye mfuko, sijayagusa.

Sijalia. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Sindano


4 Julai

Kwako Sindano,

Nilikuambia umwulize. Sikukuambia umtapikie mambo yote tangu mwaka juzi mpaka ashike blanketi. Mlevi aliyeanguka anatakiwa kushikwa, hatupwi nje. Hapo karakana nani anamwona akinywa au asinywe? Jirani yake muuza viatu? Ulikuwa na mtu chini ya macho yako, ukamwachia mlango.

Nimepiga simu kwa muuza viatu mwenyewe. Anasema Fundi anafungua saa mbili, anafunga saa kumi na mbili, na kwenye kaunta yake ameweka chupa kubwa ya kioo anaitazama siku nzima. Chupa, Sindano. Mbele ya wateja. Sasa tumefika huko.

Akipotea safari hii sitakusamehe.

Dada yake


8 Julai

Kwako Wifi,

Wewe ndiye uliyesema mwulize usoni. Wewe ndiye uliyesema mwonyeshe chupa. Wewe ndiye uliyesema mstari haubishani na mtu. Sasa mambo yameharibika mimi ndiye niliyetupa mtu nje, wewe unashika kiuno ukiwa umbali wa siku nzima ya basi.

Kumlinda ulimlinda lini? Ulikuja mara mbili kwa mwaka na zawadi. Usiku wa jasho na matapishi nilikuwa mimi na ndoo.

Usiniandikie.

Mke wa ndugu yako


12 Julai

Kwenu nyote wawili, Dada na Sindano. Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, ili asiwepo wa kusema mwenzake ameambiwa zaidi.

Mimi si mtu wa barua. Nitaandika kama ninavyomweleza mteja saa yake ina nini.

Tarehe mbili mwezi huu nilinunua chupa ya mdomo mpana, sawa na ile ya kabatini. Siku tatu kabla yake nilikuwa nimemenya machungwa manane. Najua ni manane kwa sababu asubuhi ile Sindano alipoyamenya niliyahesabu kwenye sahani, nikashangaa mtu mmoja anakula machungwa manane. Niliyaanika juu ya bati mpaka yakavunjika. Mizizi na majani makavu niliomba sokoni. Nikatia vyote, nikamimina maji ya bomba. Maji, Dada, si jini. Nikapiga mstari wa wino, nikaiweka kaunta mbele ya macho yangu na ya muuza viatu, ambaye nasikia ndiye mwandishi wenu wa habari.

Siku ya tatu maji yalishuka upana wa ukucha. Siku ya saba yalishuka vidole viwili. Jana, siku ya tisa, vidole viwili na kidogo. Hakuna aliyeigusa. Kifuniko nilikiziba kwa nta.

Maganda makavu yanakunywa. Hayo tu. Siku ya kwanza yanaelea juu, yamejaa hewa, halafu yananywa, yanazama, na kinywaji kinashuka. Nimeyakamua kwa kitambaa, maji yametoka mpaka nikalowa viatu. Dada, wewe mistari yako unaipiga kwenye chupa ambazo ndani hamna kitu ila pombe. Miaka kumi na tisa umefukuza watu kwa mstari, na hukuwahi kujiuliza kama ganda kavu lina kiu. Na wewe Sindano, unaloweka kitambaa kipya kila siku kabla ya kukikata, unajua kinavyokunywa maji ya beseni. Hukukumbuka. Ilikuwa rahisi zaidi kunikumbuka mimi.

Sasa mengine.

Chupa ile niliiona siku ya kwanza. Nilijikata kidole, nikafungua kabati kutafuta plasta. Mtu aliyekunywa miaka kumi na sita anaambiwa jini ni dawa ya tumbo? Harufu ilinipiga kabla sijasoma karatasi. Mimi si malaika. Siku ya pili nilisimama mbele ya kabati lile dakika kumi na moja, najua kwa sababu nilikuwa na saa ya mteja mkononi. Halafu nikafunga mlango nikaenda kazini. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu mke wangu alikuwa ametaka kitu chake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu niache, na siku yake ya kuzaliwa ilikuwa karibu, na si mjinga nisielewe. Kuimba ndiko huko.

Mnanaa, Sindano, ni huu. Hapa karakana nilikuwa najaribu kinywaji changu, ndimu, mnanaa na shira, bila pombe, kiwe na povu kama cha kwako. Yai lilinishinda siku nne. Nilitaka tugongeshe glasi. Mnarani sikwenda, nilimtuma mwenzangu. Lile gazeti juu ya kiti lilikuwa na glasi mbili za miguu mirefu. Nilitoa chupa kabatini niiweke katikati ya meza, uingie uikute, ujue kwamba najua na sina neno. Uliona chupa mkononi. Hukuona kwamba meza ilikuwa na kitambaa.

Nilicheka kwa sababu niliona umeshika mayai.

Barua ya Dada ilinifikia Jumatatu yake, kwenye kaunta, mteja amesimama. Nimeisoma mara moja. Yule babu wa saa, Dada, umemtaja vizuri, na mimi namtaja kila asubuhi kabla sijafungua saa ya mtu, hukuwa na haja ya kunikumbusha.

Leo ni siku ya mia nne hamsini na nane tangu niache. Kwenye vidole viwili mlipiga mstari. Kwenye siku hizo zote hakuna aliyewahi kupiga hata mmoja. Nina hasira nanyi ambayo sijui nitaiweka wapi, maana mahali pa kuiweka zamani nilikuwa napajua.

Dada, usije. Nitakuja mimi nikipoa.

Sindano, nitafika Jumamosi tarehe ishirini, saa kumi jioni. Dawa yako usiimwage. Chuja, unguza sukari, malizia. Toa na ile chupa ndogo ya jini, najua ipo kwenye vitambaa vya mapazia. Glasi yako nitaitengeneza mimi, kwa mkono wangu, jini na vyote. Na wewe utakaa ukinipa mgongo mpaka niseme tayari. Ukigeuka hata mara moja, naweka kila kitu chini naondoka, na safari hii nachukua na nguo.

Fundi


15 Julai

Kwako mdogo wangu,

Nimeweka maganda kwenye glasi ya maji hapa kaunta tangu jana barua yako ilipofika. Leo tayari yameanza. Nimeyatazama mpaka meneja ameniuliza kama naumwa.

Wale watatu waliofukuzwa, mmoja alikuwa anashika zamu ya chupa za maganda, zile tunazolowekea dawa chungu. Sikuwahi kulifikiria mpaka leo. Jina lake nalikumbuka na nyumba yake naijua. Kesho nakwenda, na akinifungia mlango nitasimama hapo hapo.

Kwako sijui niseme nini. Nilijiita mjinga wa watu wote mimi mwenyewe, na kumbe sikukosea. Nikemee ukija. Usinionee huruma, nitakasirika.

Dada yako


16 Julai

Kwako Fundi,

Na mimi nina hasira, tusidanganyane. Ulijua tangu siku ya kwanza. Siku kumi na moja umeniacha nanyata ndani ya nyumba yangu, nafungua kabati langu kama mwizi, na wewe unaimba. Neno moja tu la nimeiona chupa yako, ungelisema, leo tusingekuwa hapa. Nawe ulitaka kuona nitakuambia lini. Ulikuwa na mstari wako.

Hilo nimelisema. Sasa la kwangu.

Kitambaa cha meza nilikiona. Nilikiona siku ile ile, ulipokwisha kutoka, kimepigwa pasi vibaya kwenye pembe, na pembe hizo hakuna mtu mwingine anayezipiga pasi hivyo. Nilikiona nikakikunja nikakirudisha kabatini, maana kukikubali kulikuwa ni kukubali mengine yote. Wifi sikumwandikia habari yake. Wiki tatu nimekaa na kitambaa hicho. Hilo ndilo ninaloomba unisamehe, kuliko hata kukunusa.

Nimechuja. Imekaa siku thelathini na tano badala ya tisa, nimegusa kwa ncha ya ulimi, ni chungu mpaka nywele zinasimama. Sukari nimeunguza, haijasaidia sana. Nitainywa hivyo hivyo.

Mstari umekataa kufutika, nimehamishia dawa kwenye chupa nyingine isiyo na kitu. Mayai nimenunua mapya. Kiti changu nimekigeuza kikatazama ukuta. Na kile kioo kirefu cha kupimia wateja, ambacho mtu akikaa hapo anaona chumba chote nyuma yake, nimekifunika shuka.

Njoo na glasi zako.

Sindano